Robo Tatu ya Bei ya Maji

Maji safi yaingiapo nyumbani hupita katika mita na kuhesabiwa yote; lakini yatokapo jikoni na chooni kushika njia ya bomba la majitaka, hayana mita wala mhesabu, kwani mafuta, matambara na uchafu uliochanganyika nayo ungeiziba mita ya nyumbani upesi. Kwa hiyo wenye mamlaka ya mji, watakapo kumtoza raia ada ya kumwondolea taka zake, hawana budi kukisia, na insafu yote ya ada hiyo imesimama juu ya makisio hayo.

Nchini Kenya, Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti 47 huduma za maji na majitaka, nazo huziendesha kwa kampuni zao. Ila kampuni hizo hazijipangii bei kama zipendavyo, maana Sheria ya Maji ya 2016 yazilazimu kupeleka hesabu zao, za mishahara, umeme wa pampu, ukarabati na madeni, mbele ya WASREB, bodi ya kudhibiti huduma za maji, na wananchi nao wasikizwe, kabla bei mpya haijapitishwa. Jijini Nairobi kanuni iliyozoeleka ni robo tatu: aliyeunganishwa na bomba la majitaka, akitumia maji ya shilingi 1,000, huongezewa shilingi 750 katika ankara yake.

Ni kanuni nyepesi, ambayo mlipaji aweza kuihakikisha kwa kichwa bila msaada wa karani, na hiyo si sifa haba. Walakini, mwenye bustani hulipia majitaka ya maji yaliyonywewa na ardhi. Ndiyo sababu miji kadhaa ya Marekani hukadiria ada kwa matumizi ya miezi ya baridi, wakati ambapo hakuna amwagiliaye nyasi. Mwenye kisima, kinyume chake, asipofungiwa mita kisimani, humwaga bure katika bomba la umma, na jirani zake ndio wamlipiao. Ama viwanda, Uingereza huvitoza kwa kanuni ya Mogden, iliyopewa jina la mtambo wa kusafishia majitaka ulioko magharibi mwa London, ipimayo si wingi wa maji tu bali na ukali wa uchafu uliomo, kwa kuwa maji ya kichinjio huelemea mtambo kuliko maji ya kufulia.

Dhulma iliyofichika zaidi, kwa maoni yangu, imo katika bei za ngazi, ambazo nia yake ilikuwa njema: mtumiaji wa maji machache alipe bei nafuu, na kila azidishaye apande ngazi. Hebu fikiri nyumba ya kupanga yenye vyumba vinane, ua mmoja, choo kimoja, na mita moja iliyoandikwa jina la mwenye nyumba. Kila jamaa huteka ndoo zake chache kwa siku, lakini mita haijui jamaa wala vyumba. Yajua jumla, na jumla hiyo huwapandisha wote ngazi ya mwenye jumba la kifahari. Na kwa kuwa ada ya majitaka ni sehemu ya bei ya maji, maskini hao huumia mara mbili. Kaunti ingeweza kuhesabu jamaa wanaotegemea mita moja na kuwagawia ngazi ya chini kwa idadi yao; ni kazi ya kuandikisha watu, wala haihitaji mtambo.

Wasio na bomba kabisa, nao ni wengi katika miji ya pwani, sioni haki ya kuwatoza ada ya bomba lisilowafikia, ijapokuwa wako wasemao kwamba maradhi hayabagui mitaa. Hao tayari hulipia gari la kunyonya majitaka kila karo lijaapo, na gharama hiyo huongezeka kwa kadiri dereva anavyotozwa kumwaga mtamboni. Ada hiyo ya kumwaga ndiyo ingefaa kupunguzwa kwanza, hata kama pengo lake litazibwa na ada za viwanda, kwani ikizidi kipimo, dereva hatakosa mahali pengine pa kumwaga, na mahali hapo hapana wa kutoza wala wa kusafisha.