Hiari na Hukumu katika Mabishano ya Kutoa Mimba

Katika mabishano juu ya kutoa mimba mna maswali mawili ambayo aghalabu huchanganywa. La kwanza ni kama tendo lenyewe ni halali au si halali. La pili ni nani mwenye haki ya kuliamua. Watu wawili waweza kupatana katika la kwanza na kukhitilafiana katika la pili. Kiswahili kinayo maneno ya kuyatenga maswali haya, lakini maneno yayo hayo, yasipopimwa, huyachanganya.

Asemaye kwamba mimba "imeharibika" hamtaji mtendaji. Umbo la kitenzi latoa habari ya msiba tu. Asemaye kwamba mwanamke "ameharibu mimba" amemtaja mtendaji na kumlaumu papo hapo, kwani kuharibu ni kukitia kitu ubovu. "Kutoa mimba", litumikalo sana Tanzania, na "kuavya mimba", lipendwalo na magazeti ya Kenya, hulieleza tendo kwa lawama iliyo ndogo zaidi. Vivyo hivyo, asemaye "kijusi" na asemaye "mtoto aliye tumboni" wamekwisha kuachana njia kabla ya hoja kutolewa.

Kwa upande wa dini, swali la kwanza ndilo hutangulia. Wanachuoni wengi wa Kiislamu wameitaja siku ya 120 kuwa ndiyo ya kupulizwa roho, na baada yake hawaruhusu mimba kutolewa ila kwa kuokoa maisha ya mama. Kabla ya siku hiyo wamekhitilafiana: baadhi ya Wahanafi waliruhusu kwa udhuru, hali Ghazali, aliyekuwa Mshafii, alikataza tangu mwanzo, akiona kwamba kosa huzidi kadiri mimba ikuavyo. Kanisa Katoliki nalo hukataza tangu mimba kutungwa.

Mwanafalsafa wa Marekani, Judith Jarvis Thomson, alilishika swali la pili. Katika makala yake ya mwaka 1971 alikubali, kwa ajili ya hoja tu, kwamba kijusi ni mtu kamili, kisha akadai kwamba haki ya kuishi haimpi mtu haki ya kuutumia mwili wa mwingine bila ridhaa yake. Basi anayemjibu kwa kuthibitisha tu kwamba kijusi ni mtu, bado hajamjibu.

Sheria imeshika njia ya tatu. Mwaka 1938, mjini London, tabibu Aleck Bourne alishtakiwa kwa kumtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyenajisiwa, naye akaachiliwa. Jaji alieleza kwamba kuhifadhi maisha ya mama ni pamoja na kumkinga asiharibikiwe kabisa mwili na akili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 26, yasema kwamba uhai huanza mimba itungwapo. Lakini yaruhusu mimba itolewe ikiwa, kwa maoni ya mtaalamu wa afya, pana haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au ikiwa sheria nyingine yaruhusu. Hapa uamuzi haukuachwa kwa mama peke yake. Umepitishwa kwa mtaalamu.

Shina la ubishi laonekana katika kitenzi "kuamua". Kuamua ni kukata shauri la nafsi yako. Tena ni kuwapatanisha wawili wanaogombana. Kwa watetezi wa hiari, mama huamua kwa maana ya kwanza, kwa kuwa mwili ni wake. Kwa wapinzani wao, yeye ni mmoja wa wadai wawili, na mdai hawezi kuwa mwamuzi wa kesi yake, hasa mwenziwe akiwa hana ulimi.

Wafasiri wa sheria, waalimu na watangazaji hawana budi kuitunza tofauti hii. Mwanamke aingiapo hospitali akivuja damu, kuandikwa kwamba mimba "imeharibika" humweka katika hesabu ya wagonjwa. Kuandikwa kwamba "ameiharibu" kwaweza kumweka katika hesabu ya washtakiwa, naye bado hajaulizwa neno.