Goti Lililopasuliwa na Sala ya Kijana



Hapa Babati kijana mmoja aliacha sala ya jamaa kwa majuma mengi. Hakuwa mvivu. Alikuwa amepasuliwa goti alilolivunja ukano mpirani, naye akaona haya kuketi kitini pamoja na wazee. Nyumbani alisali kwa kujilazimisha. Siku moja mama yake alimkuta yu katika sijda, jasho linamtiririka, hawezi kuinuka.

Yafaa tujue goti lile limepatwa na nini. Ndani yake umo ukano unaouzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele. Mchezaji hukita mguu, akageuza kiwiliwili ghafula, nao ukano hukatika, mara nyingi pasipo kuguswa na mtu. Ukisha kukatika kabisa, ni nadra kuunga wenyewe. Mpasuaji huchukua kano nyingine ya mgonjwa, aghalabu ya nyuma ya paja, akaipitisha katika matundu aliyoyatoboa mifupani. Kazi hiyo hufanywa hapa nchini, kama katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1996.

Hadaa iko baadaye. Kano ile iliyopandikizwa hudhoofika kwanza ndipo ipate nguvu, na udhaifu huo huangukia miezi ile ile ambayo maumivu yamekwisha na magongo yamewekwa pembeni. Kijana hujiona amepona! Matabibu wengi hawamrudishi mtu uwanjani kabla ya miezi tisa, na hata hapo hupima kwanza nguvu za paja lake. Majuma ya mwanzo kazi kubwa ni kulinyoosha goti mpaka linyooke sawasawa, na kuikaza misuli ya paja, ambayo husinyaa upesi mno. Kwetu sisi, ambao Dar es Salaam ni safari ya kutwa, mazoezi hayo hayana budi kufanywa nyumbani, nayo husahauliwa kuliko vidonge.

Ama sala, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Imran bin Huswain, aliyekuwa na bawasiri, asali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, asipoweza, kwa ubavu. Habari hiyo imo katika Sahihi ya Bukhari. Lakini ruhusa ina mpaka, na hapa wengi wetu hukosea: awezaye kusimama haketi tangu takbira ya kwanza. Husimama, hurukuu akiweza, kisha huketi kitini na kuashiria sijda kwa kuinama. Udhu nao haumsumbui, kwani goti si kiungo cha udhu. Josho la janaba juu ya bandeji ndilo lenye hukumu yake. Na amwulize sheikh wake kabla ya kupasuliwa, asingoje baada.

Kijana wetu alipoelezwa hayo alirudi msikitini, na mzee mmoja akasogeza kiti chake kumpa nafasi. Mama yake ndiye ahesabuye mazoezi kila baada ya Alasiri, wala hampunguzii hata moja.