Kudumisha Makala ya Kitaaluma katika Hifadhi za Kidijiti: Mazingatio kuhusu Kimeru na Kiembu

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza tofauti iliyopo baina ya kuchapisha jarida la kitaaluma katika intaneti na kulihifadhi kwa muda mrefu. Mambo haya mawili aghalabu huchukuliwa kuwa jambo moja, na kosa hilo laweza kuzigharimu sana lugha zenye maandishi machache, mathalani Kimeru na Kiembu.

2. Funzo la karatasi

Mwaka 1973 East African Literature Bureau ilichapisha The Living History of Embu and Mbeere cha H. S. K. Mwaniki, na mwaka 1974 ikatoa Embu Historical Texts cha mwandishi huyo huyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na shirika hilo la uchapishaji halikudumu baada yake. Hata hivyo, vitabu havikufa pamoja na mchapishaji, kwa kuwa nakala zake zilikwisha kutawanyika katika maktaba za ndani na za ng'ambo.

Jarida la intaneti halina kinga hiyo. Msomaji mmoja mmoja aweza kujipakulia makala, lakini kwa kawaida maktaba haipokei nakala yoyote. Juzuu zote hukaa katika seva ya mchapishaji peke yake. Ada ya tovuti isipolipwa, au mhariri aliyeielewa mitambo akihama, zote hutoweka kwa pamoja. Laakso, Matthias na Jahn, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, walitambua majarida 174 ya ufikiaji huria yaliyotoweka katika intaneti baina ya mwaka 2000 na 2019.

3. Jinsi hifadhi inavyofanya kazi

Mpango wa LOCKSS, ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1999, ulifuata hekima ile ile ya maktaba za karatasi. Nakala za faili moja huwekwa katika mitambo ya maktaba mbalimbali. Mitambo hiyo hulinganisha nakala zake mara kwa mara kwa namba ya uhakiki, ambayo hukokotolewa kutokana na yaliyomo katika faili na hubadilika hata herufi moja ikibadilika. Nakala ikihitilafiana na zilizo nyingi, hurekebishwa kwa kufuata zilizo nzima. Tangu mwaka 2016, majarida yanayotumia programu ya Open Journal Systems yameweza kujiunga na mtandao wa namna hii bila malipo, almuradi yawe na namba ya ISSN.

4. Tatizo la herufi

Yafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba kuokoa faili si lazima kuwe ni kuokoa lugha. Kimeru na Kiembu ni lugha zenye irabu saba, na maandishi yake hutenga ĩ na i, ũ na u. Neno lenye maana ya 'mtu' ni mũntũ kwa Kimeru na mũndũ kwa Kiembu. Kabla ya Unicode kuenea, irabu hizo ziliweza kupatikana kwa fonti maalumu, ambamo zilichorwa mahali pa alama nyingine. Fonti hiyo ikikosekana, msomaji huona alama ngeni tupu. Namba ya uhakiki haitaonyesha kasoro yoyote, kwa sababu faili haikubadilika. Kilichopotea ni ufunguo wa kuisoma. Na mpiga chapa akiviacha vialama ili kuepuka taabu, irabu saba huonekana tano, na data hiyo haimfai tena mwanafonolojia wala mtafiti wa lahaja.

5. Hitimisho

Idara ya lugha inayotoa jarida, iwe Embu, Chuka au Meru, haina budi kuzingatia mambo manne: kuandika kwa Unicode, kuhifadhi makala katika PDF/A, kiwango cha kimataifa cha tangu mwaka 2005 kinacholazimu fonti kuambatishwa ndani ya faili, kuweka nakala katika hifadhi iliyo nje ya chuo, na kupata ruhusa ya mwandishi, kwa maandishi, ya kunakili kwa ajili ya hifadhi. Mambo haya hudai uangalifu wa mhariri kuliko fedha, na wakati wake ni kabla ya juzuu kutoka. Kosa likigunduliwa miaka thelathini baadaye, huenda mzee aliyesimulia asiwepo tena wa kuulizwa mara ya pili.