Kwa nini vyombo vikuukuu huamsha kumbukumbu

KATIKA nyumba nyingi za Nakuru, Njoro, Molo na Subukia halikosi sanduku la bati lililosukumwa chini ya kitanda cha mzee. Ndani yake mna taa ya chemni isiyo na kioo, pasi ya makaa iliyoota kutu na redio ya betri iliyokwisha kunyamaza kitambo.

Hakuna anayevitumia vyombo hivyo. Hata hivyo, mjukuu anapopendekeza viuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, nyanya huja juu. Je, ni kitu gani kinachomfanya mtu akatae kuachana na chombo kisichofanya kazi?

Hamu hii ya mambo yaliyopita ilipewa jina la kitaalamu mwaka wa 1688 na Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari katika mji wa Basel, Uswisi. Aliliunda kutokana na maneno mawili ya Kigiriki: moja lina maana ya kurejea nyumbani, na la pili ni uchungu. Hofer aliihesabu hali hiyo kuwa maradhi yaliyowapata watu waliokaa ugenini.

Mtazamo huo umebadilika. Mnamo 2006, Tim Wildschut, Constantine Sedikides na wenzao walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba aghalabu mtu hukumbuka ya kale anapokuwa na huzuni au upweke. Kumbukumbu hizo humwacha akihisi kwamba anapendwa na kwamba ana watu wake. Kwa hivyo, nyanya anayeipangusa taa yake jioni si mgonjwa, anajiliwaza.

Njia ya harufu ndiyo ya mkato zaidi. Yale tunayoyaona na kuyasikia hupitia kwanza kituo kilicho katikati ya ubongo, ilhali harufu hufika moja kwa moja katika sehemu zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu.

Mfano mzuri ni sotet, kibuyu ambacho Wakalenjin hugandishia maziwa ya mursik. Ndani yake husuguliwa kwa kijiti cha mti wa senetwet kilichochomwa, hata kuta zikawa nyeusi na maziwa yakapata ladha ya moshi. Mtu aliyelelewa Kuresoi, na sasa anaishi katika nyumba ya kupanga mjini, akikifungua kibuyu hicho hurudishwa ghafla jikoni kwa mamake, hata kabla hajayaonja maziwa yenyewe.

Umri nao una sehemu yake. Wataalamu wa kumbukumbu wamebaini kwamba watu wazima hukumbuka kwa wingi mambo ya kati ya miaka 10 na 30 ya maisha yao. Ndiyo maana aliyekuwa kijana katika miaka ya sabini, akiiona redio kuukuu, huisikia tena Sauti ya Kenya, jina la shirika la utangazaji la taifa hadi 1989. Humkumbuka pia Leonard Mambo Mbotela, aliyeaga dunia Februari 2025, na kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? kilichoanza 1966.

Lakini kumbukumbu ina desturi ya kupunguza chumvi. Koroboi ilijaza nyumba moshi na kuwatoa watoto machozi walipokuwa wakisoma. Pasi ya makaa iliunguza sare nyingi za shule. Anayeisifu koroboi leo hausifii moshi wake. Anawasifu walioketi kuizunguka, ambao wengi wao hawapo tena.

Katika eneo hili la Bonde la Ufa, jambo hili lina uzito wa pekee. Nyumba ziliteketezwa katika mapigano ya 1992, na tena katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo watu zaidi ya 1,100 waliuawa na wengine zaidi ya 300,000 kufurushwa makwao kote nchini. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru uligeuka kambi ya waliotoroka.

Paa la nyumba iliyoungua linaweza kuezekwa upya. Picha ya harusi iliyoteketea, au kinu kilichorithiwa kwa nyanya, havipatikani dukani. Kwa jamaa waliopoteza vyote, sufuria moja iliyookolewa ndiyo ushahidi pekee kwamba waliwahi kuwa na boma. Sufuria hiyo hiyo yaweza pia kuurejesha usiku ule wa kukimbia, na ndipo wengine huchagua kuificha.

Kukishikilia chombo cha nyumbani si jambo la jana. Mnamo 1938, Louis na Mary Leakey walichimbua pango lililo kando ya mto Njoro, ambamo watu walizikwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita baada ya miili yao kuchomwa. Marehemu walizikwa na bakuli la jiwe, mchi na jiwe la kusagia. Mlikuwamo pia mabaki ya kibuyu yaliyogeuka makaa.

Majina ya wenye mabakuli hayo hayajulikani, kwani hawakuacha maandishi. Familia za leo hazina udhuru huo. Mjukuu anaweza kuketi na nyanya yake akamuuliza ni nani aliyeinunua taa, mwaka gani na kwa pesa za mavuno yapi, kisha akayaandika majibu kwenye karatasi na kuifungia ndani ya sanduku.

Asipofanya hivyo, siku atakapolifungua sanduku hilo na nyanya hayupo, atakuta chuma chenye kutu tu, na mnunuzi wa vyuma atakuwa mlangoni akingoja.