Kipande cha Ini Kilichofichua Malaria

Wanangu, mbu akikuuma usiku wa leo, homa ya malaria haiji kesho. Hupita wiki nzima, hata zaidi, nawe unacheza, unakula, unakwenda shule. Siku zote hizo kimelea kinacholeta malaria kiko wapi?

Swali hilo liliwasumbua wataalamu miaka mingi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, huko Australia, mtaalamu Neil Hamilton Fairley aliona jambo la ajabu: mtu akishaumwa na mbu mwenye malaria, damu yake ilikuwa na vimelea kwa muda mfupi tu, kisha ikawa safi kwa siku kadhaa. Vimejificha!

Daktari Garnham, aliyefanya kazi Kenya kwa miaka mingi, alipata fununu mwaka 1947 alipokuta jamaa wa kimelea cha malaria akikua ndani ya ini la tumbili. Lakini binadamu je? Mwaka 1949, Uingereza, mtu mmoja alijitolea kuumwa na mbu wenye malaria ile kali inayotusumbua sisi. Baada ya siku chache alipasuliwa, akakatwa kipande kidogo cha ini. Chini ya hadubini wataalamu wakaviona: vimelea vimejaa ndani ya seli, vikizaana kimya kimya. Mimi humheshimu sana mtu yule.

Siku hizi hakuna haja ya kumpasua mtu mwenye afya ili kutazama. Mgonjwa anapoondolewa uvimbe kwenye ini, huombwa ridhaa, na akikubali, ile sehemu yenye afya iliyokatwa pamoja na uvimbe hupelekwa maabara. Maini mengine hutoka kwa watu waliokubali kutoa viungo vyao wakifariki, ila hayakufaa kupandikizwa. Ini husafishwa kwa maji yenye kimeng'enya kinacholegeza gundi kati ya seli, hadi zitengane, ziwekwe kwenye visahani. Kisha mbu hutolewa tezi za mate, na seli hizo humwagiwa vimelea vilivyomo, ili dawa ijaribiwe papo hapo.

Shida ni kwamba nje ya mwili seli za ini hudhoofika ndani ya siku chache, ilhali aina moja ya malaria, iitwayo vivaksi, huweza kulala ndani ya ini miezi mingi. Mtafiti Sangeeta Bhatia na wenzake, Marekani, walizipanga seli hizo visiwa visiwa, wakazizungushia seli saidizi. Zikaishi wiki kadhaa, na mwaka 2013 wakaripoti kwamba vivaksi ilikua humo.