Kizibo Kidogo Chaweza Kulaza Gari Kubwa

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Katika gari la askari, mwiba huo waweza kuwa kizibo cha chuma kisichozidi upana wa sarafu, kilichojificha ubavuni mwa giaboksi, mahali ambapo jicho halifiki kwa urahisi na mkono hufika kwa taabu. Ni kizibo cha kujazia oili. Madereva wengi wanakijua kwa jina, lakini si wengi waliopata kukigusa.

Tulipozuru kituo kimoja cha polisi katika Karamoja, tulisimuliwa kisa ambacho twaona ni wajibu wetu kuwaletea ndugu zetu askari, wa jeshi na wa polisi, kwa kuwa chaweza kumpata yeyote kati yao aliyekabidhiwa gari la serikali.

Kituo kile kilikuwa na pikapu moja tu. Bomba lake la moshi la asili lilikuwa limeliwa na kutu na kupondwa na mawe, likabadilishwa mjini kwa bomba jingine lililoundwa na mafundi wa kuchomea vyuma. Bomba jipya lilikuwa pana na imara, na injini ilipumua vizuri. Hakuna aliyetambua kwamba lilikuwa limepita mbele kabisa ya kizibo cha kujazia oili ya giaboksi, likaacha nafasi ya vidole viwili tu.

Jioni moja dereva, kijana mwenye bidii, aliamua kubadilisha oili ya giaboksi, kwani muda wake ulikuwa umepita. Akaingia chini ya gari, akafungua kizibo cha chini, oili ya zamani ikamwagika yote katika karai. Kisha akageukia kizibo cha juu ili ajaze mpya. Spana haikuingia. Akajaribu nyingine, ikaingia kwa upande, ikateleza, ikazila pembe za kizibo. Giza likaingia, akaahirisha kazi hadi asubuhi.

Saa tano za usiku wakafika wanakijiji wamembeba mama aliyekuwa na uchungu wa kuzaa tangu alfajiri. Waliomba gari la kumfikisha hospitali. Sajini wa zamu akamwamsha dereva.

"Afande," kijana akajibu, "gari halina oili ya giaboksi. Nimeimwaga jioni, na kizibo cha juu kimekataa kufunguka."

"Kwa nini ulimwaga kabla hujajua kama utaweza kujaza?"

Kijana akanyamaza. Hakuwa na la kujibu.

Mama yule alipelekwa kwa pikipiki ya mfanyabiashara mmoja, akiwa ameshikiliwa na dada yake kwa nyuma, katika barabara ya mawe na mchanga. Mungu alisaidia, akafika na kujifungua salama. Lakini sajini alituambia kwamba usiku ule hakulala, kwa maana alijua kuwa jambo hilo lilikuwa limeachwa mikononi mwa bahati. Hata hivyo alimsifu dereva wake kwa jambo moja: alisema kweli. Angeliondoa gari likiwa kavu, giaboksi ingeweza kukamata njiani, na mgonjwa angebaki porini.

KANUNI YA KWANZA

Funzo la kisa hiki laweza kusemwa kwa maneno machache: kizibo cha juu kifunguliwe kwanza, kabla cha chini hakijaguswa. Kikikataa kufunguka, gari lingali na oili yake na laweza kwenda kazini wakati dawa inatafutwa. Kikifunguka, ndipo cha chini kifunguliwe. Kanuni hii yafaa kufuatwa katika giaboksi na katika difu pia.

Yafaa ieleweke kwa nini kizibo hiki kina thamani kubwa namna hii. Injini ina kijiti cha kupimia oili, na dereva hukichomoa kila asubuhi. Giaboksi nyingi za gia za mkono hazina kijiti. Kipimo chake ni lile tundu la kujazia lenyewe: gari likiwa limesimama mahali tambarare, oili inapaswa kufika kwenye ukingo wa chini wa tundu. Kwa hiyo mtu asiyefungua kizibo hicho hana njia ya hakika ya kujua hali ya oili. Anayeandika katika daftari la gari kwamba "oili ya giaboksi ni sawa" bila kukifungua ameandika uongo, hata kama hakukusudia.

Nayo giaboksi haifi kwa kelele mwanzoni. Oili ikipungua, meno ya gia na beringi husuguana chuma kwa chuma na kupata joto. Dereva ataanza kusikia mvumo mwembamba unaopanda na kushuka kwa kadiri ya mwendo, kisha gia zitakuwa nzito kuingia, au gia itachomoka yenyewe mlimani. Zinapoonekana dalili hizi, mara nyingi hasara imekwisha kutendeka.

NJIA YA KUKIFIKIA

Mafundi wa karakana tuliowahoji walituonyesha, mmoja baada ya mwingine, jinsi kazi hii inavyofanywa bila kuharibu kitu.

Kwanza ni usalama. Magurudumu yazuiwe kwa mawe au magogo, mbele na nyuma. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Liwekewe vigingi vya chuma au magogo imara yaliyopangwa vizuri. Silaha isilazwe chini ya gari wala kuegemezwa kwenye gurudumu. Apewe mwenzake au irudishwe ghalani. Bomba la moshi la gari lililotoka safarini laweza kuchoma ngozi hata baada ya injini kuzimwa kwa muda, basi lijaribiwe kwa tone la maji kabla ya kulisogelea.

Pili ni usafi. Tope la Karamoja likikauka hushika kama saruji. Lisuguliwe kwa brashi ya waya mpaka kizibo kionekane chote, na kama kina tundu la pembe sita katikati, tundu hilo lichokolewe mpaka sakafu yake. Spana nyingi huteleza kwa sababu hazikuingia hadi mwisho. Kisha kizibo kipakwe mafuta ya kulainisha kutu na kuachwa, ikiwezekana, usiku kucha.

Tatu ni bomba lenyewe. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa hutafuta spana ya ajabu itakayopenya nafasi isiyopenyeka. Fundi mkongwe mmoja alituambia kuwa yeye hashindani na bomba, hulisogeza. Bomba la moshi huning'inizwa kwa mipira na kuunganishwa kwa bolti katika flanji. Mipira ikivuliwa na flanji iliyo karibu ikilegezwa, bomba hushuka sentimita kadhaa, nazo aghalabu zatosha. Lakini lisiachwe likining'inia kwa uzito wake, maana laweza kupasua kiungo cha mbele. Lifungwe kwa waya au liwekewe gogo chini yake.

Iwapo haliwezi kushuka, kuna njia nyingine mbili. Ya kwanza ni kupitisha viungo virefu vya soketi kutoka nyuma ya giaboksi, pamoja na kiungo chenye shingo inayogeuka, hata mkono wa fundi ubaki mbali na bomba. Ya pili ni kupitia juu: magari mengi ya aina hii yana kifuniko sakafuni karibu na mkono wa gia, na kikiondolewa huacha nafasi ya kuteremsha mkono ubavuni mwa giaboksi.

NGUVU NA AKILI

Kizibo kikishafikiwa, huenda bado kikawa kimekaza. Soketi yenye pembe sita ni bora kuliko ile ya pembe kumi na mbili, kwa sababu hushika nyuso za kizibo wala si ncha zake. Mkono wa spana uwe mrefu. Nguvu ya kilo 20 katika mkono wa sentimita 30 hufanya kazi sawa na nguvu ya kilo 10 katika mkono wa sentimita 60. Basi mwenye mkono mrefu huvuta taratibu, akihisi chuma kinavyoitikia. Kabla ya kulegeza, kizibo kikazwe kidogo sana ili kutu ivunjike, kisha ndipo kigeuzwe. Pigo moja au mawili ya nyundo juu ya kipande cha shaba kilichowekwa usoni mwa kizibo husaidia pia.

Kuna na siri ya joto. Giaboksi nyingi za siku hizi zina ganda la alumini, na kizibo ni cha chuma. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Tofauti hiyo katika kizibo chembamba ni kama sehemu moja tu ya mia ya milimita, lakini yaweza kutosha kulegeza mshiko. Kwa hiyo gari liendeshwe kidogo, lisimamishwe, na fundi asubiri. Bomba la moshi, kwa kuwa ni jembamba, hupoa mapema; giaboksi iliyojaa oili hukaa na joto lake kwa muda mrefu zaidi. Kati ya nyakati hizo mbili ndipo penye nafasi ya kufanya kazi. Na hapa msomaji ataona tena ubaya wa kumwaga oili mapema: gari kavu haliwezi kuendeshwa ili lipate joto.

Kizibo cha chini kikifunguliwa, kitazamwe. Vingi vina sumaku. Uji mweusi laini juu ya sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni habari mbaya, na gari lipelekwe karakana kabla ya safari ndefu.

Kujaza nako kuna maarifa yake, kwa sababu chupa haiingii mahali pembamba. Pampu ya mkono yenye mpira mwembamba ndiyo bora. Isipokuwapo, kopo lifungwe juu, mpira uteremshwe kupitia penye injini hadi tundu la giaboksi, na oili ishuke kwa uzito wake. Ikiwa nzito, kopo lianikwe juani kwanza. Oili iwe ya daraja lililotajwa katika kitabu cha gari, kwani GL-4 na GL-5 si kitu kimoja, na isiyofaa yaweza kudhuru sehemu za shaba ndani ya giaboksi. Oili ijazwe mpaka ianze kuchuruzika tunduni, iachwe itulie, kisha kizibo kirudishwe kwa kukazwa kwa kiasi. Anayekikaza kwa hasira leo humtesa mwenzake wa kesho.

Mwisho bomba lirudishwe mahali pake na kukaguliwa. Likigusa giaboksi litatetemeka na kupasuka. Na flanji ikivuja chini ya viti, moshi wa sumu usio na harufu waweza kuingia walimo askari.

MFANO WA VITA

Huenda wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya karakana, si ya uwanja wa mapambano. Mwaka 1944 majeshi ya Marekani yalianzisha nchini Ufaransa msafara mkubwa wa malori uitwao Red Ball Express, ambao madereva wake wengi walikuwa Wamarekani weusi. Ulianza tarehe 25 Agosti ukaisha tarehe 16 Novemba. Katika kilele chake malori karibu 6,000 yalibeba tani zaidi ya 12,000 kwa siku moja. Kazi yao ilisifiwa ulimwenguni. Lakini kwa kuwa magari yalikwenda usiku na mchana bila matunzo ya kutosha, mengi yalichakaa na kulala kando ya barabara, na jeshi likalipa gharama yake kwa upungufu wa magari. Kama taifa lenye viwanda vile liliumizwa na matunzo yaliyoahirishwa, kituo chenye pikapu moja kitasemaje?

WAJIBU WA WAKUBWA

Tusimlaumu dereva peke yake. Afisa anayeidhinisha bomba jipya aagize kwamba gari lisipokelewe mpaka vizibo vyote vya giaboksi vimefunguliwa na kufungwa mbele yake, bomba likiwa mahali pake. Ikiwa haviwezekani, bomba likatwe na kuwekewa flanji mbili, ili kipande cha mbele ya kizibo kiondolewe kwa bolti chache. Kabla ya kuchomea, nyaya za betri zivuliwe na oili iliyomwagika ipanguswe, isije ikaleta moto.

Hivyo ndivyo ilivyofanywa katika pikapu ya kituo kile. Kizibo kilicholika pembe kilibadilishwa, na bomba likapata kipande cha kuondoka. Tulimkuta dereva akifanya ukaguzi wake. Alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe katika fremu ya gari, mahali atakapopaona kila anayeingia chini yake: "Cha juu kwanza."

Tulimwuliza sajini kama kijana aliadhibiwa. Akatujibu kwamba adhabu yake ilikuwa kuwafundisha kazi hiyo madereva wa vituo jirani, mpaka kila mmoja akifungue kizibo cha gari lake kwa mkono wake mwenyewe.