Usifiche Macho Yako kwa Munganga



Kijana anapotoka masomoni na kuanza kazi ya kupima macho, hufikiri kazi yake ni kuandika namba za malineti tu. Mimi pia nilifikiri hivyo nilipowekwa katika chumba cha macho cha dispansere. Shofere mmoja wa kamyo ndiye aliyenifundisha.

Alisimama meta 5 mbele ya ubao wa herufi, ule uliotungwa na munganga Mfaransa Ferdinand Monoyer. Akasoma mistari yote bila kukosa. Nikaandika 10/10, nikafurahi. Lakini alipotoka, nilimwona dirishani akimsalimu mfagiaji kwa jina la kapita wake!

Nilimwita arudi. Nikaleta ubao mwingine, wenye alama E inayogeuzwa huku na huku. Huo haushikiki kichwani. Aliona alama kubwa za juu tu. Ndipo akasema: «Munganga, nilisimama mlangoni nikasikiliza wenzangu wakisoma. Niliogopa kuondolewa kwenye kamyo.»

Ulikuwa ugonjwa wa kutoona mbali. Alipopewa malineti alisoma 10/10 ya kweli, akarudi kwenye usukani. Fikiri, ndugu: alificha shida ambayo malineti yaliweza kuimaliza, na kila siku alihatarisha maisha yake na ya wenzake barabarani.

Tangu siku hiyo nafunga mlango, naita mtu mmoja mmoja, na kabla ya kupima namweleza kwa nini napima. Kusudi langu ni moja: mfanyakazi aje kwangu bila woga.

Nawe utusaidie:

– Ukipita miaka 40 ukaanza kunyoosha mkono ili usome karatasi, njoo. Si aibu, ni umri.

– Usiazime malineti ya mwenzako. Macho yake si yako.

– Kama mzazi au ndugu yako ana glokoma, tuambie. Ugonjwa huo mara nyingi hula macho pembeni polepole, bila maumivu. Kilichopotea hakirudi, lakini dawa huweza kulinda kilichobaki.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba watu wasiopungua milioni 1,000 wana shida ya kuona ambayo ingaliweza kuzuiwa, au ambayo bado haijatunzwa. Usiwe mmoja wao.

Ubao wa herufi unaweza kuudanganya, ndugu. Barabara huwezi.